Siafu Wanapoingia Nyumbani

 

Leo sitazungumza habari za mbegu wala za samadi. Mvua zimeanza, watu wako mashambani tangu alfajiri, na jioni kila mtu amechoka, anataka kula na kulala. Basi nataka tuzungumze juu ya mgeni anayependa kuja wakati huo huo, watu wakiwa wamelala. Mgeni huyo ni siafu.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nimetoka chuoni na cheti changu, nilipanga vyumba viwili hapa Ipagala kwa mama mmoja mtu mzima. Nyuma ya nyumba palikuwa na nafasi, nikaona nifuge kuku wa kienyeji. Nikapata mitetea sita na jogoo. Mmoja wa mitetea hao akaatamia, akaangua vifaranga kumi na mmoja. Nilijenga banda kwa mikono yangu: mabanzi yamebanana, chini limekaa juu ya udongo, na mlango nikaufunga kwa waya kwa nje, ukazungushwa mara nne. Kicheche haingii, na mwizi akigusa waya tutasikia. Nilijisifu sana kwa banda lile. Hata majirani niliwaita waje kulitazama.

Basi mwezi wa Januari mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Usiku wa siku ya pili, kama saa nane hivi, nikasikia kuku wanalia. Nikasema moyoni, ni kicheche huyo, anazunguka, atachoka aende zake. Nikageukia ukutani nikalala. Asubuhi nilipofungua ule waya nilikuta vifaranga hakuna, yamebaki manyoya na vimiguu. Mama yao amekufa palepale kwenye kiota, hakuinuka. Mitetea miwili waliobaki wazima walikuwa wamerukia mti wa juu kabisa wa banda, nao macho yamevimba. Na chini, ardhi yote ilikuwa nyeusi, inatembea.

Kabla ya saa moja asubuhi habari ilikwisha fika bombani: Bwana Shamba kuku wake wameliwa na siafu! Mama mwenye nyumba alikuja, akatazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huko chuoni hawakuwafundisha siafu?" Nikajibu, "Hapana mama, hawakutufundisha." Na ni kweli. Tulifundishwa viwavijeshi, tukafundishwa mchwa, panya, na kweleakwelea wanaomaliza mtama na uwele wetu. Siafu hali mtama, kwa hiyo hakuwamo katika masomo. Lakini mtu anayelima hulima akiwa na kuku wake, mbuzi wake, na mtoto wake mchanga, na huko ndiko siafu anakoingia.

Tangu siku hiyo nimewafuatilia wadudu hawa, kwa vitabu na kwa kuuliza wazee, na haya nitakayosema yametoka pande zote mbili.

Kwanza tusichanganye majina. Tuna wadudu wengi wa namna hii na kila mmoja ana tabia yake. Kuna sisimizi, wale wadogo wanaofuata sukari na mafuta. Kuna sungusungu, mweusi, mkubwa kidogo, mwenye kuuma kwa uchungu. Jina lake ndilo walilojipa wale walinzi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi walioanza kupambana na wezi wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuna maji moto, mwekundu, anayeshona majani ya mwembe au mkorosho kufanya nyumba yake mtini. Ukipanda mti huo bila kutazama utajua kwa nini akaitwa maji moto. Na kuna mchwa, ambaye watu humweka kundi moja na hawa, lakini wataalamu wanasema si ndugu yao kabisa. Mchwa yuko karibu zaidi na mende. Mchwa anakula mbao za nyumba yako. Siafu yeye hali mbao, hali nafaka, hali majani. Siafu anakula nyama.

Wengine wenye jamaa huko ng'ambo wamesikia habari za chungu wa moto wa Amerika ya Kusini, ambaye anachoma kwa mwiba wa mkiani, na kesho yake mahali pale hutunga kipele chenye usaha. Huyo ni mdudu mwingine. Anakaa mahali pamoja, anajenga kilima kidogo cha udongo, na ukikikanyaga ndipo wanatoka. Siafu wetu hana kilima. Yeye silaha yake ni mdomo, mataya mawili yaliyopindana kama koleo. Anauma na kung'ang'ania. Ukimvuta, kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kwenye ngozi, bado kimeuma. Kule kwa chungu wa moto nitarudi baadaye, maana kuna jambo limewapata watu kwa ajili yake ambalo linatuhusu.

Sasa, siafu ni mtu wa namna gani? Niseme "mtu" maana wana mpango kuliko sisi katika mikutano yetu ya mtaa. Kundi moja lina siafu milioni kadhaa, na makundi makubwa sana yamekadiriwa kuzidi milioni 20. Wote hao ni watoto wa mama mmoja. Malkia wao hana mabawa, ana tumbo kubwa, urefu wake unaweza kufika sentimita 5, yaani kama kidole kidogo cha mtu mzima. Wataalamu waliowachunguza huko Kongo walikadiria kwamba malkia mmoja anaweza kutaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi. Hebu tupige hesabu hapo. Milioni 3 ukigawa kwa siku 30 unapata laki moja kwa siku. Kwa hiyo ukishinda usiku kucha ukiwaua kwa ndala na maji ya moto, hata ukiua laki moja, malkia amekwisha zirudisha kesho jioni. Ikumbukeni hesabu hiyo tutakapofika kwenye habari ya dawa.

Jambo la pili: siafu hawaoni. Vibarua wale na askari wale wenye vichwa vikubwa, wote hawana macho. Wanaongozwa na harufu na mguso. Mmoja anaacha harufu chini, wa nyuma anaifuata, na ndiyo maana wanakwenda kwa safu kama kamba nyeusi iliyolazwa chini. Askari wanasimama pembeni, vichwa juu, mataya wazi, vibarua wanapita katikati.

Jambo la tatu: hawana kwao pa kudumu. Wanakaa chini ya ardhi, kwenye mizizi ya mti au chini ya gogo lililooza, wanawinda pale mpaka chakula kinapungua, kisha wanahama kundi zima. Pengine watakaa siku chache tu, pengine mwezi na zaidi. Kwa hiyo siafu waliokuja kwako leo sio wapangaji wako. Ni wapita njia.

Jambo la nne, na kwa sisi wa nchi kavu ni muhimu: jua linawaua. Ngozi yao hukauka upesi. Kiangazi, wakati ardhi yetu hapa ni ngumu kama tofali, wamo chini sana, humwoni hata mmoja. Mvua zetu zikianza, Novemba au Desemba, mpaka zinapokatika Aprili, ardhi inakuwa laini na hewa ina unyevu, ndipo wanapanda juu. Wanapenda usiku, na siku ya mawingu baada ya mvua. Wakati mwingine maji yanajaa kwenye makao yao nao wanatoka kutafuta pakavu, na pakavu penyewe ni sebuleni kwako.

Kuna alama moja ambayo wengi wetu tunaiona bila kuijua. Mwanzoni mwa mvua, usiku, huja kwenye taa mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia, mnene, mviringo kama soseji, ana mabawa, anagongagonga ukutani na kuanguka. Watoto wanakimbia wakidhani ni nyigu. Yule ndiye dume la siafu. Hana mwiba, hachomi. Anatafuta njia ya vibarua. Wakimpata wanamkata mabawa na kumkokota mpaka kwa malkia. Ukimwona huyo kwenye taa yako, ujue wenziwe wako mahali hapo, nawe tengeneza banda lako mapema.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Umelala, unasikia kuku wanalia, au mbuzi anapiga miguu chini, au mende na mijusi wanakimbia ovyo ukutani, au mtoto anaamka akilia ghafla. Usifanye kama nilivyofanya mimi. Amka, washa tochi, tazama chini kabla hujakanyaga.

Ukiwaona, usianze kwa kuwapiga. Anza kwa kuwatoa wale wasioweza kujitoa. Siafu hamfukuzi mtu mbio. Wakiwa kwenye mawindo kundi zima linasogea kama mita 20 kwa saa, hata kobe anawaacha. Anayekufa kwa siafu ni yule aliyefungwa, aliyefungiwa, au asiyeweza kutembea. Kuku aliye bandani kwa mlango wa waya. Kuku aliyefunikwa kwa tenga. Mbuzi aliye kambani. Ndama mchanga. Mtoto mchanga aliyelazwa mkekani. Mgonjwa. Mzee ambaye miguu imechoka. Na mtu aliyelewa akalala nje, maana wakati wa zabibu na wakati wa pombe ya mtama tunawajua ndugu zetu hao.

Kwa hiyo mtoto kwanza, na mgonjwa, na mzee. Watoke wapelekwe kwa jirani. Kisha fungua banda, kata kamba ya mbuzi. Usihangaike kufungua fundo gizani huku unaumwa. Kamba utanunua nyingine. Kuku akiwa na siafu mwilini, mshike miguu, mkung'ute, mpanguse kwa kitambaa hasa machoni na sehemu ya nyuma, maana huko ndiko wanakoanza. Kuku anayeatamia hatoki mwenyewe, lazima umtoe kwa mikono. Yule wangu angeondoka angepona. Mayai usiyaogope sana, lililo zima kabisa hawaliwezi; lililoanza kupasuka kwa kifaranga kutoka, hilo ndilo wanaloingia.

Watu wamekwisha toka, mifugo imekwisha toka. Sasa watazame siafu wenyewe kwa tochi, utambue wanafanya nini. Wakiwa wametawanyika pote, ukutani, darini, chini ya kitanda, hao wanawinda. Watatafuta mende, kunguni, viroboto, nge, panya na watoto wake, watabeba, na kwa kawaida baada ya saa chache au asubuhi jua likitoka wamekwenda. Waachie nyumba. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa na desturi ya kutoa mkeka na chungu cha maji nje, anakaa chini ya mti anasema, "Acha wafagie." Nami nimeona kwa macho yangu, nyumba iliyopitiwa na siafu mwezi mzima huoni mende.

Lakini ukiwaona kwenye safu moja tu, wanakwenda upande mmoja, na wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele, hao wanahama na watoto wao. Safari hiyo huenda ikachukua siku mbili au tatu. Safu ikipita uani usiivuruge. Ukiimwagia kitu watatawanyika, na askari wote watatoka kutafuta adui, na adui ni wewe. Zungushia tu njia yako ya kupita, watoto waambiwe, mifugo ilazwe upande wa pili.

Kama ni lazima uwageuze, labda yumo mgonjwa asiyeweza kuhamishwa, au safu inaingia kwenye zizi, kuna njia zinazotumika huku kwetu. Majivu: chota majivu ya moto jikoni, mwaga kwa upana wa hatua moja mbele ya wale wanaotangulia, wala si katikati ya safu. Yanawaunguza na yanafuta harufu wanayoifuata. Majivu makavu yaliyopoa nayo yanasaidia kuwazuia mlangoni, lakini mvua ikiyagusa yamekwisha, ni tope tu. Moshi wa majani mabichi chini ya banda pia huwageuza. Mafuta ya taa watu wanayatumia sana, kitambaa kilicholowa kinafutwa kwenye kizingiti. Hapo niseme kwa ukali kidogo: mafuta ya taa na kibatari na giza na haraka, ndani ya nyumba yenye paa la nyasi, ni msiba. Ukitumia mafuta ya taa, tumia tochi. Na msikimbie na vinga vya moto kando ya kuta. Siafu angekula kuku wanane. Moto utakula nyumba na mtama ulio ndani.

Sasa banda la kuku, maana hapo ndipo penye fedha ya akina mama na ada ya watoto. Baada ya kufilisika nilijenga banda jipya, na mpaka leo sijapoteza kuku kwa siafu. Siri yake ni miguu. Banda linakaa juu ya nguzo nne, kimo cha goti au zaidi kidogo. Kila nguzo inasimama ndani ya kopo, la maziwa au la rangi, na ndani ya kopo unatia oili chafu ya gari, vidole viwili hivi. Fundi wa gereji atakupa bure. Siafu akifika anazama. Maji matupu hayatoshi. Siafu hushikana miguu wakafanya daraja, wa nyuma wanapita juu ya wa mbele.

Lakini kopo peke yake lina matatizo matatu, nami nimeyaona yote. La kwanza, mvua inaingia, oili inaelea na kumwagika, basi juu ya kopo pigilia kipande cha bati au kifuniko cha debe kwenye nguzo, kama mwavuli. La pili, vumbi letu la Dodoma na majani vinajaa ndani ya kopo, vinakuwa daraja. Kila Jumamosi tazama, toa takataka, ongeza oili. La tatu ndilo linalowashinda wengi: unaweka makopo vizuri, halafu ngazi ya kupandia kuku unaiacha usiku kucha imeegemea banda. Siafu anapanda ngazi kama kuku! Ngazi iondolewe jioni. Vilevile banda lisiguse ukuta, tawi la mti lisiliguse, kamba ya kuanikia nguo isifungwe hapo, nyasi ndefu zisiinamie. Njia moja ikibaki, ndiyo hiyo hiyo wataitumia.

Warina asali wanaijua kazi hii siku nyingi. Wanautundika mzinga kwa waya, na waya wanaupaka grisi, wadudu wasishuke. Kitanda cha mtoto au cha mgonjwa nacho unaweza kukiweka miguu ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo, mradi kopo liwe dogo na mtoto anayetambaa asilifikie. Tazameni na chandarua. Chandarua kinachoburuta chini ni ngazi. Kichomekeeni chini ya godoro.

Na mlango wa banda, ndugu zangu, ufungwe kwa namna ambayo mtu aliyetoka usingizini anaweza kuufungua gizani kwa mkono mmoja. Komeo la mti linatosha. Kama unaogopa mwizi, weka kufuli, lakini ufunguo utundikwe mahali pamoja siku zote, na kila mkubwa wa nyumba ajue ulipo.

Halafu usafi wa uani. Siafu anafuata chakula. Rundo la samadi lililoegemea ukuta lina funza. Rundo la mabua ya mtama lina panya. Gogo bovu lina kila kitu, na siafu wenyewe hukaa chini yake. Lundo la samadi na mabua liwe mbali na nyumba na banda, hatua ishirini au thelathini ukiwa na nafasi. Nyufa za ukuta zikandikwe kabla ya mvua, hasa kwenye tembe. Hili halihitaji maelezo marefu, kila mtu analijua. Tatizo ni kwamba tunalikumbuka mwezi wa pili.

Nimefika kwenye dawa. Baada ya mkasa wangu, jirani mmoja alikuja kunionea huruma akanipa ushauri, na yeye mwenyewe akautumia wiki iliyofuata siafu walipomtembelea. Alikuwa na dawa ya kupulizia mazao, iko ndani ya chupa ya soda, haina karatasi, hajui jina lake, aliipata kwa mtu sokoni. Akaimwaga kwenye safu, kuzunguka nyumba, na nyingine kwenye kizingiti. Siafu wengi walikufa, ni kweli. Asubuhi kuku wake wakatoka wakala wale siafu waliokufa. Kabla ya adhuhuri kuku tisa walikuwa wamelala chali. Na ile chupa ya soda, yenye mabaki, mtoto wa miaka mitatu aliikuta uani na kuiinua mdomoni. Dada yake alimpokonya. Kuku tisa ni hasara, lakini kila nikipita kwenye nyumba ile sikumbuki kuku, nakumbuka ule mkono wa dada mtu.

Wamarekani nao walipata somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Yule chungu wa moto wa Amerika ya Kusini aliingia kwao kwa meli katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Mwaka 1957 serikali yao ikaanza kumwaga sumu kwa ndege juu ya mashamba na vijiji, sumu ziitwazo dieldrini na heptakloro. Ndege wa porini walikufa, samaki walikufa, kuku na mifugo ya wakulima ikafa. Mwaka 1962 mwandishi Rachel Carson alilieleza jambo hilo katika kitabu chake kilichosomwa dunia nzima. Baadaye wakabadili sumu, wakatumia iitwayo mireksi, nayo ikapigwa marufuku mwaka 1978. Na chungu wa moto? Yupo mpaka leo, ameenea majimbo ya kusini, na mwaka 2023 wataalamu walithibitisha kwamba amefika hata Italia, katika kisiwa cha Sisili.

Sumu hizo, pamoja na aldrini ambayo wazee wengine wanaikumbuka kwa mchwa, zimo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Kwa hiyo mtu akikuletea dawa ya zamani ya mjomba wake, "kali kuliko hizi za siku hizi," usiipokee. Na dawa yoyote unayonunua iwe ndani ya chombo chake, ina karatasi, imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mimi kwa siafu simshauri mtu anunue dawa hata iliyosajiliwa. Rudini kwenye hesabu yetu ya laki moja kwa siku. Unamwua anayepita, malkia yuko chini hata hajui, na kesho kutwa kundi lingekuwa limehama lenyewe.

Tena si kila mdudu anayeuma ni wa kuuawa. Kule Unguja, katika miaka ya 1950, iligunduliwa kwamba minazi yenye maji moto haikuwa ikipukutisha nazi changa kama minazi mingine, kwa sababu maji moto walimla mdudu anayezifyonza. Watafiti wa korosho wa Naliendele, Mtwara, nao wamewatumia maji moto kupambana na mbu wa mikorosho. Siafu hatuwezi kuwafuga namna hiyo, lakini shambani wanakula funza, panzi, na viwavi na mabuu waliojichimbia udongoni. Ukikuta safu yao katikati ya shamba la mtama, pitia pembeni, kalime upande mwingine.

Kuhusu kuumwa, kwa kifupi. Toka kwanza mahali walipo, hata hatua kumi, ndipo uvue nguo na kuwatoa mmoja mmoja. Ukisimama palepale ukiwatoa wengine wanapanda. Kichwa kikibaki kwenye ngozi kibanye kwa kucha ukitoe. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Usijikune. Mtu akivimba uso, akapumua kwa shida, au mtoto akiwa ameumwa mwili mzima, msingoje asubuhi, mpelekeni kituo cha afya. Zamani watu wengine waliwatumia askari wa siafu kushonea jeraha: wanamwacha aume kingo mbili za kidonda, wanakata kiwiliwili, kichwa kinabaki kama uzi. Ni jambo la kustaajabisha, lakini leo kuna zahanati, msinijaribie.

Mama mwenye nyumba wangu aliniletea mtetea mwingine mwezi uleule, wa kuanzia upya. Alinipa kwa sharti moja, kwamba usiku ule wa kwanza nilale kwanza mimi ndani ya banda langu lililofungwa kwa waya, nione inavyokuwa. Alikuwa anatania, lakini waya niliuondoa siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo tutaendelea na habari ya kuhifadhi mtama. Kwaherini.